Dakika Kumi na Moja

Kampuni yetu ni watu watano na birika moja,
ghorofa ya tatu, juu ya fundi viatu,
Dundee, ambako mvua hainyeshi, inajipaka tu dirishani.
Tunatengeneza programu ya kupanga zamu
za wauguzi wanaozungukia wazee majumbani:
nani aogeshwe saa ngapi, nani apewe dawa.

Jumatatu Eilidh akakuta mstari wa mia nne na kumi:
mteja akiwa nambari 212, ongeza dakika kumi na moja.
Basi. Hakuna maelezo.
Tukautazama kama jino lililokutwa mfukoni.

"Masalia ya Ruaridh," akasema Callum, mwenye kampuni.
Ruaridh alihama Machi, Nova Scotia, kumfuata mkewe,
akatuachia funguo, kikombe, na nusu ya keki.
Tukapiga kura. Mikono minne juu.
Wa tano ulikuwa wangu, umeshika chai,
na chai si hoja.

Tukafuta.
Majaribio yote yakawaka kijani,
tukajiona wasafi.

Alhamisi simu ikalia. Muuguzi, sauti imemkauka:
alibisha, alingoja, ratiba ikamsukumia mlango mwingine.
Mzee Petrie alikutwa jioni ameketi kwenye korido,
koti kalivaa mkono mmoja, dawa hajanywa,
hasira hana. Alisema tu:
nilikuwa nakuja.

Usiku ule Ruaridh akajibu, kwake bado jua:
"Ana mkongojo. Korido ni ndefu. Nilikwenda, nikapima."

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Lakini daftari tunalo, jamani!
Kila herufi iliyofutwa, nani kaifuta, sekunde gani.
Limeandika mkono, halikuandika kichwa.
Sababu ilipanda ndege mwezi Machi
na hakuna aliyeipekua kwenye begi.

Callum hakutuomba radhi. Alivaa koti,
akapanda kilima cha Hilltown kwa miguu,
akarudi kalowa chepechepe.
"Kumi na mbili," akasema. "Amezeeka."

Nikaandika kumi na mbili, na juu yake sentensi nzima:
jina lake, mlango wake, mkongojo wake.
Eilidh akasoma, akalifuta jina. Faragha.
Mkongojo akauacha.

Halafu akashuka chini, mstari wa mia tano thelathini,
akakuta saba.
"Hii saba, nani anaijua?"
Birika likaanza kuchemka.
Hakuna aliyeinua mkono,
wala aliyegusa kitufe.