Kitanga Kitupu

Saa nane usiku, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Feni ni moja, nimeielekezea mashine, si mimi,
maana kompyuta ikishikwa na joto hupunguza mwendo kimyakimya
halafu lawama inaiangukia programu.
Nimezima muziki. Nimefunga kila kinachopumua ndani yake.
Hata saa ya ukutani nimeitoa betri;
haihusiki, ila ilikuwa inanichokoza.

Injini ya seva ya zamani, injini mpya.
Swali: ipi inajibu haraka
muuguzi wa Maramba akitafuta kadi ya mtoto?

Duru elfu kumi za kwanza nazitupa.
Injini baridi husoma msimbo neno kwa neno
kama mtoto wa darasa la pili, kidole kwenye mstari;
ikishapata moto, inaghani kwa kichwa.

Jibu likaja: mara kumi na moja.
Nikacheza peku juu ya saruji.
Nikamwandikia Shemndolwa, anayetaka namba moja tu ya Alhamisi,
kidole kikasita juu ya kitufe.

Mara kumi na moja?

Mama yangu alikuwa mkaguzi wa vipimo.
Alizunguka soko la Mgandini na sanduku la mawe ya shaba,
kilo, nusu, robo, yamelazwa kwenye kitambaa chekundu.
Hakuanza na mawe. Alianza na kitanga kitupu.
Alitazama mshale, akapitisha kidole chini ya bamba,
na mara nyingi kidole kilirudi na kitu:
sumaku, donge la nta, sarafu ya shilingi ishirini.
Wauza dagaa walimwita Mama Kidole.

Nami nikapitisha kidole chini ya msimbo.
Kumbe niliiambia injini ikokotoe, wala sikuliuliza jibu.
Nayo, kwa ujanja wake, ikaona jibu halina mwenyewe,
ikaifuta kazi nzima, ikazunguka bure,
ikarudi haina hata jasho.
Nilikuwa nimepima kitanga kitupu
nikakiita mzigo.

Nikalishika jibu, nikalijumlisha, nikalichapa mwishoni,
isipate pa kukwepea. Duru thelathini, kila moja upya.
Ya kumi na saba umeme uliyumba; nikaitupa,
nikaandika kwamba nimeitupa.
Adhana ya Alfajiri ikanikuta bado nahesabu.

Asilimia sita.
Na hiyo ni kwa ombi la katikati.
Kwa lile la tisini na tisa katika mia
injini mpya ni nzito zaidi: mzoataka wake huamka bila hodi,
anafagia, na wote wanasimama mlangoni.
Huyo wa tisini na tisa ndiye muuguzi wa Maramba,
mtandao wa kuokoteza,
mtoto analia ndani ya mzani wa kuning'inia.

Juu ya faili nikaacha maelezo, kwa mazoea ya nyumbani:

    Kasi isiyopimika, ni maneno ya mdomo,
    Namba ukiiandika, iandike na kikomo.

Saa tatu asubuhi Shemndolwa akapiga.
"Sita? Sita haiuziki, Mwanakombo."
Nikamwambia kumi na moja ninayo pia, akiitaka,
ila ni ya kazi ambayo haikufanyika.
Akanyamaza. Nyuma yake kijiko kiligonga kikombe,
mara nne, mara tano.
"Nitumie zote," akasema,
na hadi sasa sijui ni ipi ataisoma Alhamisi.

Nikairudishia saa betri yake.
Ilikuwa nyuma kwa saa saba na dakika nne,
toa au ongeza moja.