Fito Nne kutoka Ol Kalou

Zilishuka Malindi kwa basi la usiku, fito nne,
zimefungwa gazeti bichi ndani ya mfuko wa unga,
kila moja na kikaratasi cha mwandiko wa mke wa mwanangu:
Nyekundu. Ya manjano. Nyeusi yenye miba. Nyeusi isiyo miba.
Chini kabisa, kwa haraka ya mtu anayewahi ndege:
Mama, mtoto akililia za kwao, jaribu hizi.

Mtoto alikuwa keshalia.
Nyawira, miaka sita.
Embe dodo nimemmenyea, akalitazama kama deni.
Zambarau zikamtia ulimi rangi, akauliza, "Ndizo hizi?"
Sizo. Yeye ataka zile za ua wa nyuma, kwa kina mamake,
zinazochumwa na umande, vidole vikavuja
damu tamu na damu ya kweli.

Nami fito nazijulia wapi?
Najua mkunazi, najua mstafeli,
najua mkomamanga uliokataa kuzaa hadi nilipoutishia shoka.
Nikampigia Kimotho, mwenye kitalu.
"Ya manjano, mama, usiipe hata shimo.
Huko kwenu itakufa ingali inauliza njia.
Nyekundu inataka baridi. Una baridi?"
Nina kisima cha maji ya munyu, nikamwambia,
na kichanga, na jua la kupasua ndoo.
Akanyamaza. Nikasikia mvua upande wake.
"Basi tegemea yenye miba."

Nilizipanda zote.
Nyekundu nikaificha nyuma ya birika,
nikaipa samadi ya mbuzi wa Kadzo, na maji ya mvua matupu;
ya kisima tukaogea sisi.
Kisha nikafanya wazimu: kila alfajiri
vipande viwili vya barafu kutoka kwa wauza samaki,
naviweka shinani.
Bi Thureya akachungulia juu ya ukuta:
"Shoga, mti wako una homa?"
Una kwao, nikamjibu.

Ya manjano ilikufa Jumatano.
Nyekundu ikatoa majani matatu,
ikatazama huku na huku, ikayarudisha.
Isiyo miba ilinawiri, ee, ilinawiri!
Ikajipamba kama bibi harusi, na tunda lolote hapana.
Yenye miba ilinichana leso, ikamchana paka,
ikaparamia waya wa kuanikia nguo bila hodi.
Mwaka mzima, fito tu.
"Ngoja," Kimotho akasema, "huzaa juu ya fito ya mwaka jana."

Mwaka wa pili, matunda saba.
Kunguru akala moja.

Nyawira, sasa mapengo mawili na Kiswahili cha Barani,
nikamwambia: nyeusi ya kung'aa bado ni chachu,
subiri ififie, liachie lenyewe kidoleni.
Akala la kwanza amefumba macho.
Nikasimama kama mdaiwa mbele ya kadhi.
"Lina munyu."
Akala la pili. La tatu.
"La kwetu halina munyu."
La nne akanitia mimi kinywani, hakuniuliza.

Mawili tukayapiga picha sahanini,
tukaituma Doha, jikoni mwa watu.
Jibu lilikuja usiku wa manane, sauti,
kwanza pumzi tu, pumzi ndefu,
halafu: "Miba iliwachoma?"

Kimotho asema fito ikishazaa haizai tena,
ikate hadi chini, chipukizi wapate nafasi.
Panga nimelinoa. Juma zima nimesimama nalo.
Jana nilikata tatu zilizokauka.
Ile ya matunda saba nimeiacha,
nimeifungia chipukizi ubavuni
kwa utepe wa leso ile iliyochanika,
upande wenye jina. Limekatika katikati,
limebaki AJUAYE NJIA YA
na Nyawira, aliyejifunza kusoma juzi,
husoma kwa sauti kila akipita,
kisha ananiuliza yaliyobaki yako wapi.