Mdai Namba Tisa

Kitendawili.
Tega.
Yuko mtu kazaliwa kwa muhuri,
hana kitovu, hana mama wa kumwita,
hali, hanywi, hapati homa,
akifa hakuna anayechimba kaburi,
na kwa miezi kumi na minne
hakutulipa.

Umeshindwa? Nipe mji.
Tanga? Ahsante. Nilikwenda Tanga,
nikashuka Pongwe kwenye tanuri za chokaa,
nikala maharage kwa deni mpaka mama ntilie
akaanza kuniamkia kwa tarakimu,
kisha nikapanda ngazi za Mahakama Kuu
na viatu vyenye vumbi jeupe lisilofutika,
nikauliza jibu masjala.
Jibu ni: kampuni.

“Kampuni ni mtu,” alisema wakili wao,
kijana mwenye tai ya zambarau,
“mtu kamili mbele ya sheria.
Na mtu huyu, Mheshimiwa Jaji, hana kitu.”
Akatoa taarifa ya benki:
shilingi elfu arobaini na moja, mia sita.
Sisi tulikuwa kumi na mmoja.
Mwanaisha Sekimweri, mshona midomo ya viroba,
akagawanya kimoyomoyo,
akaninong’oneza: “Elfu tatu na mia saba na ushee.”

Gari la tajiri lilikuwa nje, linanguruma
ili kiyoyozi kisizimike.
Gari si la kampuni.
Nyumba ya Raskazone si ya kampuni.
Hata jenereta lililonitia uziwi sikio la kushoto
lilikodiwa kwa shemeji.
Deni tu
ndilo la kampuni.

Wakili wetu Bi Hiza, asiyetutoza hata nauli,
akaomba pazia la kampuni liinuliwe.
Nililipenda neno hilo.
Kwangu Makorora pazia ni kanga kuukuu,
maneno yake yamefifia hayasomeki.
Ukiinua unakuta ndoo, kitanda,
mtoto kalala miguu mtoni.
Nikadhani na la kwao ni hivyo:
ukiinua,
unakuta mtu.

Uamuzi ulisomwa Alhamisi.
Kwa Kiswahili, nashukuru,
ingawa “licha ya hayo” ilirudi rudi kama nzi.
Kurasa ishirini na mbili, feni inazipekua,
Jaji anazibana kwa kidole gumba.
Kisha: “Maombi haya yana mashiko.
Pazia linainuliwa.”
Mwanaisha akaniminya mkono hadi pete ikaniuma.

“Kwa mujibu wa daftari la msajili,
wakurugenzi ni wawili.
Wa kwanza ni marehemu.
Wa pili ni Mbaruku Kiango Shekiondo.”

Mbaruku alikuwa ubavuni mwangu.
Mlinzi wa usiku, lango la nyuma,
mdai namba tisa,
ndani ya shati la kuazima lenye mikunjo ya dukani.
Alipolisikia jina
aligeuka nyuma, kama sisi sote,
kumtafuta huyo Mbaruku.

Pale ngazini ndipo alipokumbuka.
Mwaka ule wa mafuriko aliitwa ofisini,
akapewa kiti, mara ya kwanza na ya mwisho,
akapewa kalamu na fomu,
na kiroba cha sembe, kilo ishirini na tano.
“Tia sahihi hapa, ni mambo ya bima.”
Sahihi yake nzuri sana.
Aliifunzwa ukubwani, darasa la ngumbaru,
na huiweka popote anapoombwa
ili watu waione.

Kapewa siku ishirini na moja
afike aeleze kwa nini asilipe, yeye binafsi,
madai ya watu kumi na mmoja,
yeye akiwemo.

Lile gari likaondoka taratibu, vioo vimefungwa.

Mwanaisha alilia, halafu akacheka,
halafu akamuuliza ule unga ulikuwaje.
“Ulikuwa na fukusi,” Mbaruku akasema,
akisugua ncha ya kiatu nyuma ya suruali,
mguu huu, kisha huu.
“Sasa Bi Hiza, hebu nifafanulie polepole.
Ina maana mimi
nijidai?”