Akiba Haiozi

Alhamisi usiku niliiacha kompyuta macho
ikijisasisha, mie nikalala.
Ilisema dakika kumi na tano. Sikuisubiri.
Mtu wa Mtemani haamini saa ya mtu wa mbali.

Asubuhi ikafunguka mpya, nyeupe kama bafta,
vitufe vimekatwa ncha, rangi imepoa,
na kule juu, penye mstari wa alama zangu,
pamepigwa deki.

Mia tatu na kumi na mbili.
Hesabu naijua, nilikuwa nikijisifu nayo
kama mwenye kuku wengi asiyekula yai.

"Kipya kinyemi," alisema Shaame, fundi wetu wa Jadida,
kijana wa juzi, kucha safi kuliko zangu.
Akabonyeza, akaguna,
akauliza kama nilikuwa na akaunti.
Akaunti gani? Mie nilikuwa na nyota.
Kila kilichonipendeza nilikibonyezea nyota,
nikakiambia: kaa hapo, naja.

"Basi, Bi Mize, kilichopotea hasa ni nini?
Nitajie, tukitafute upya."

Hapo nikashikwa.

Kulikuwa na ua la kofia, macho arubaini kila upande,
alilolipiga picha mtu wa Maskati.
Kulikuwa na habari za mtoto wa jicho,
na mama keshapasuliwa, siku hizi ananichagulia mchele.
Bei ya cherehani, ya mwaka ule wa mvua nyingi.
Fomu ya kazi iliyofungwa nikimuuguza Nasra surua.
Namna ya kumwandikia mwenye nyumba barua ya adabu,
hiyo niliiweka mara mbili.
Nyingine?
Nyingine sijui. Nyingine zilikuwa nyota tu.

Aliyeibiwa hutaja alichoibiwa.
Mie nimepotelewa hata na jina la kilichopotea,
nitamshitaki nani, na kwa lipi?

Wakubwa walisema akiba haiozi.
Haiozi, kweli. Ya kuoza ina harufu,
ungeifuata kwa pua mpaka uvunguni.
Hii imeondoka kavu.
Na ile ya mali bila daftari,
niliyokuwa nikimsomea Nasra kila akipoteza chenji,
leo kanisomea yeye, mkono kiunoni,
kwa sauti yangu mwenyewe.

Sitasema nililia. Nilikwenda kuchuja tui.
Nikachuja la pili, nikachuja la tatu,
nikakamua chicha mpaka ikanionea huruma.

Ndipo ikaja moja, bila kuitwa:
kuogelea, kwa aliyevuka miaka hamsini.

Nimezaliwa kisiwani, nimezalia kisiwani,
na bahari hainijui juu ya magoti.
Ukurasa ule niliuweka usiku, sauti nimeizima,
mlango nimeurudisha, kama ninayetazama jambo la aibu.
Nilisoma mistari miwili, nikabonyeza nyota, nikafunga.
Naja, nikauambia. Mwaka wa tatu huu.

Mistari miwili ile ninayo:
*Usianze na mikono, anza na pumzi.
Tia uso majini, toa hewa taratibu, kama mtu anayepoza uji.*
Yaliyofuata yamekwenda na wenziwe.

Shaame keshaondoka, kachukua elfu tano
na sambusa mbili ndani ya karatasi.
Kaniachia nyota moja pale juu, ya kujaribia,
imeelekea kwenye utabiri wa hali ya hewa.
Nasra yuko skuli mpaka saa saba.

Nimetia komeo mlango wa uani.
Nimejaza beseni la kulowekea kofia.
Nimevua miwani, nikaitua juu ya kinu.
Jirani akichungulia atasema Mize karukwa na akili
kwa ajili ya kompyuta.

Maji yana harufu ya wanga wa jana.
Paji la uso ndilo linalotangulia kupata baridi,
kisha pua,
kisha