Mtetemo wa Mkono

Mama Tsiala aliingia na bahasha ya duka la dawa,
karatasi ya kahawia, mikunjo minne,
ambayo mumewe aliiandikia kwa haraka juu ya meza ya jikoni:
Nimeenda kuchukua mkate. Guram.
Alitaka hilo jina la mwisho tu,
jinsi lilivyo,
kwenye jiwe jeusi, chini ya tarehe mbili.

Hapa Kutaisi tunachonga nyuso za watu kwenye mawe:
masharubu, koti la harusi, hata pikipiki kwa waliozipenda.
Sahihi sikuwahi kuombwa.

Nikaipiga picha kwa simu. Nikaikuza.
Ikapasuka vijiraba, kijivu kando ya kahawia,
kama vigae vya bafu lililobomolewa,
na Guram akawa vumbi mara ya pili.

Picha ni punje, mama, nikamwambia.
Ukiikuza, zinakua punje, jina halikui.
Vekta ni mwendo. Haijali rangi ya kila punje,
inashika mkono ulipoanzia, ulipopinda, ulipotua.
Iweke kwenye kifungo cha shati, iweke kwenye ukuta wa stesheni,
haipasuki.

Akaitazama skrini, akanitazama mimi.
"Mngemgeuza na yeye mapema."

Sikuwa na la kusema. Nikabonyeza.

Duara likazunguka. Sitini. Tisini. Mia.
Faili lako limepakuliwa.
Wapi?
Mezani mwa kompyuta, hamna. Folda ya Kazi, hamna.
Folda ya Marehemu (ninayo, ndiyo), hamna.
Kupakua ni neno la jikoni:
chakula kikipakuliwa, mtu huiona sahani.
Hiki kilipakuliwa gizani, na mimi napapasa kwa kijiko.

Mama Tsiala akavuta kiti.
"Guram naye alikuwa hivyo hivyo.
Unasikia mlango, unasikia nimerudi,
ukitoka humwoni.
Yuko chini ghalani, anaongea na mitungi ya mvinyo."

Basi na sisi tukashuka ghalani.
Nikafungua Vipakuliwa, kwa aibu:
ankara za umeme za miaka mitatu,
tiketi ya treni ya Batumi ambayo sikuipanda,
paka wa Lasha, paka wa Lasha, paka wa Lasha,
"mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho kabisa 2".
Nikapanga kwa tarehe.
Juu ya lundo ikakaa safu ya tarakimu kumi na nne
na mkia wa herufi tatu.
Hilo ndilo jina walilompa.

Nikafungua. Mstari safi, mweusi, mtelezo,
herufi zetu za mviringo zimeshikana mikono.
Pointi kumi na moja tu. Nilijivuna kidogo.

"Huyu ni nani?"
Ni Guram, mama.
"Huyu hajawahi kuumwa."

Akaiweka bahasha mezani, akainyoosha kwa kiganja.
Tazama hapa, kidole chake kikasema,
na hapa, na hapa alipotaka kuinua kalamu, kalamu ikakataa.
Majira yale alikuwa anakunywa chai kwa mikono miwili.

Mashine ilikuwa imemponya bila kuulizwa.

Nikarudi mwanzo. Ulaini, sifuri.
Usafi wa kingo, sifuri.
Pointi kumi na moja zikawa mia mbili na nne,
na mstari ukaanza kutetemeka,
kila mtikisiko na pointi yake, kila pointi na mahali pake,
sasa hata ungelikuza jina hili likafunika mlima,
lingetetemeka vilevile.

Nikapakua tena. Safari hii nilichagua folda mwenyewe,
nikaandika jina la faili herufi kwa herufi: mkate.

Alikuwa tayari amesimama, anafunga koti,
bahasha ameirudisha kifuani.
"Wala hakuupata," akasema mlangoni.
"Ulikuwa umekwisha. Alirudi na biskuti."