Mali ya Mshtakiwa

Kila dakika kumi na tano kalamu ina sheria yake:
simama mlangoni, chungulia kiooni, hesabu pumzi,
andika saa, andika "amelala", andika jina kwa ufupi.
B. Sobczak. Miaka kumi na tisa ya zamu ya usiku.
Kioo cha mlango kilitengenezwa hapa hapa Toledo,
mji uliolea watu kwa vioo
mpaka viwanda vikafungwa
na watu wakabaki kuonekana tu.

Chumba cha nane ni Ladarius Whitlow.
Ana miaka kumi na minne na miezi miwili.
Juzi jaji kamvusha: faili lake limehama ghorofa,
kutoka ya tatu, yenye vikaragosi ukutani,
hadi ya sita, kwa watu wazima.
Mwenyewe hakuhama. Kitanda ni kilekile,
blanketi lilelile lenye namba,
maziwa yaleyale ya pakiti saa kumi na mbili.
Kilichohama ni neno.
Asubuhi alikuwa mtoto. Mchana karatasi ikasema mshtakiwa,
na mimi niliyemtengea nusu ya tufaha
sikuona alipokulia, kati ya lifti na lifti.

Sisemi hakutenda.
Bwana Haddix wa duka la matairi alikuwa na mke,
na mke huyo huja mahakamani na koti la mumewe,
hulipakata kama mtoto mwenye homa.
Nimekosa usingizi mchana kutwa kwa ajili ya koti lile.
Sina mizani. Nina funguo na kurunzi.

Usiku wa Jumatano theluji ilikuwa ikigonga dirisha la ujia.
Saa nane na robo nikamkuta ameketi, kidole mdomoni.
"Bibie, ni kosa jino kung'oka?"
Gego la utotoni. Lilichelewa;
lenyewe halikupata barua ya jaji.
Akaliweka kiganjani nikalimulika:
dogo, lenye tundu katikati,
kama punje ya mahindi iliyopitiwa na fukusi.
Damu kidogo kwenye mkono wa sweta.
Akasema bibi yake, Otelia, alizoea kuweka dola chini ya mto,
naye hujifanya amelala ili bibi asione haya.
"Hapa hakuna mto," akasema.
Kweli. Godoro limeshonewa uvimbe tu upande wa kichwa.

Kanuni ya arobaini na moja:
kitu chochote kidogo, kigumu, ni silaha
hadi ithibitike vinginevyo.
Nikajaza fomu.
"Jino, moja. La mshtakiwa. Rangi: nyeupe."
Msimamizi akapiga simu kuuliza kama natania.
Fomu ina kisanduku cha thamani.
Nilikitazama mpaka kahawa ikapoa.
Nikaandika: dola moja.

Mfuko wa plastiki, lakiri nyekundu, rafu ya W.
Mle mna viatu vyake vya namba saba, ambavyo havimwingii tena,
chaja ya simu, kadi ya basi iliyobakiza safari tatu.
Atarudishiwa vyote siku ya kutoka. Wakili asema
mambo yakiharibika, siku hiyo atakuwa na miaka arobaini na sita.
Namwona pale kaunta, mvi za kwanza kichwani,
na karani ambaye leo hajazaliwa
anamsomea orodha kwa sauti,
anafika kwenye jino,
anasita, anainua macho.

Saa kumi na robo. Chungulia, hesabu.
Chumba cha saba, amelala. Chumba cha nane,
shavu linacheza gizani:
ulimi unakwenda, unarudi, unalipapasa pengo.
Fomu haina neno la hilo.
Nikaandika: yu macho.