Mizani ya Stesheni

Mizani yangu hukaa juu ya gunia lililokunjwa,
mkabala na mlango wa stesheni ya Kigoma,
pale reli inapokoma kama mtu aliyekatizwa usemi.
Shilingi mia mbili. Mia tatu ukitaka na urefu.
Inazidisha kilo mbili. Najua. Sijamwambia mtu.
Hapa kwetu nani amewahi kulalamika kwa kuzidishiwa?

Leo kwenye treni ameshuka Mlasi wa Etabo.
Miaka tisa iliyopita aliondoka kambini Nyarugusu
na kilo arobaini na saba, na bahasha ya picha za mapafu.
Akavua viatu, akapanda.
Mshale ukakimbia, ukaipita tisini,
ukatetemeka, ukatulia kwenye tisini na nne.

Wauza mawese wakapiga vigelegele:
"Umenawiri! Ulaya imekukubali!"
(Ni Amerika, lakini kwetu ng'ambo yote ni Ulaya.)
Yeye alikuwa ameinama anatafuta viatu,
kama aliyesomewa hukumu.

"Kule," akaniambia, "daktari huitamka namba hii
kwa sauti ya kuleta msiba."

Akakaa kwenye ndoo yangu, akasimulia.
Kazi ya usiku, nyumba ya baridi, kisu.
Miguu ya kuku elfu na elfu hupita mbele yake;
yake miwili haiendi kokote mpaka kuche.
Kisha gari. Kisha dirisha, mkono unatoka na chipsi,
hushuki, humwoni mpishi, hujui jina lake.
Sokoni hakuna njia ya mguu. Siku moja alijaribu kutembea,
mtu akasimamisha gari kumuuliza amepatwa na nini.
"Kule, dada, mnene ndiye maskini.
Tajiri ni mwembamba. Huamka alfajiri akakimbia barabarani,
na nyuma hakuna anayemfukuza."

Tulicheka hadi mwenye mawese akamwaga kikombe.

Ruhamvya, mpagazi, hakucheka.
Yeye hupima kwa mkopo kila wiki: hamsini na moja,
yaani arobaini na tisa, siri yangu na Mungu.
Leo alipanda bila kuuliza,
gunia la chumvi ya Uvinza mgongoni.
Mshale ukafika ukutani, ukakosa pa kwenda.
"Andika hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo yangu ya mchana.
Ile nyingine ni ya kulalia."

Nikaandika.

Mama yangu, kule Heru Juu, hakupimwa hata siku moja.
Alishuka mtoni, akapanda, akashuka, akapanda;
kila ndoo ilidai kipande chake cha nyama,
na muhogo wa usiku ulirudisha nusu ya deni.
Mimi nimekaa hapa miaka sita, sabini na nane.
Binti yangu, Mwanga, bomba liko uani,
bodaboda mlangoni, chipsi mayai saa nne usiku,
amekwisha badilisha suruali mara mbili mwaka huu
na hajavuka hata ziwa.
Wengine hupanda ndege kuifuata ng'ambo.
Kwake imekuja yenyewe, kwa bodaboda,
na chenji imerudishwa.

Mlasi akaniinamia:
"Sema kweli. Hii mizani yako ni nzima?"
Sijui kilichonifungua kinywa.
Nikamwambia. Kilo mbili.
Akanitazama kitambo, akanyoosha kiganja:
"Nirudishie zangu."

Akakataa bajaji.
Sanduku likakaa kichwani kwa Ruhamvya,
wakaanza kuupanda mlima wa kwenda Mwanga, jua la saa saba.
Kwenye kona ya kwanza alisimama kuvuta pumzi,
mkono kiunoni, kitenge kimelowa mgongo mzima.
Ruhamvya naye akasimama, sanduku kichwani,
hakulitua,
akamngoja.